Shaba inatoka Kambove, spika ya studio nayo itoke Kambove

KAMBOVE (Haut-Katanga) – Katika matangazo yote yanayopita kwenye redio ya mtaa, hakuna lenye uzito kama la kutafuta ndugu. Chukua mfano: mtoto anaitwa Safi, ana miaka 9, alipotezana na mama yake njiani. Mtangazaji anasoma, fundi anarekodi, tangazo linaenda hewani. Mama yuko mbali, na redio yake ndogo ya betri. Anasikia "Shafi". Anajua mtoto wake si Shafi. Anazima redio ili betri isiishe.

Kosa la namna hiyo si lazima litoke mdomoni mwa mtangazaji. Linaweza kuanzia kwenye spika ambayo fundi wa studio anasikilizia. Redio nyingi ndogo husikilizia kwa bafle ya sherehe, ile ya kupiga muziki kwenye ndoa. Bafle hiyo imeundwa kutikisa uwanja, haikuundwa kupambanua "s" na "sh". Inaongeza besi ambayo haimo kwenye sauti. Fundi anaiona besi nyingi, anaipunguza kwenye mitambo. Tangazo linapofika kwenye redio ndogo, ambayo haina besi tangu kiwandani, sauti inakuwa nyembamba kama bati. Na mikrofoni ikiwekwa vibaya hadi herufi zikapotea, bafle hiyo haimwambii fundi kitu.

Jambo hili si anasa. Katika Katanga kuna familia zilizokimbia vita vya upande wa Mitwaba, Pweto na Manono, pembetatu ambayo watu waliipa jina la pembetatu ya kifo. Mwaka 2025, Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, na watu wakatawanyika tena. Kwa familia zinazotafutana, jina lililosikika sawasawa lina thamani kuliko hotuba nzima ya kiongozi.

Kwa hiyo kila redio ya mtaa inahitaji spika ya kweli ya studio. Mpya ya dukani, ikishafika Lubumbashi na kulipiwa njia na forodha, inadai mamia ya dola. Kuiunda hapa hapa kunawezekana. Ubishi unaanza kwenye kitu kimoja: krosova, ambayo mafundi wengi wanaiita filtri.

Spika ya studio huwa na midomo miwili. Mkubwa, wufa, unatoa sauti nzito. Mdogo, twita, unatoa sauti nyembamba za "s", "f" na "t". Krosova ndiyo inayogawa kazi, kila mdomo upate sehemu yake. Iko ya aina mbili. Krosova pasifu inakaa ndani ya sanduku, baada ya ampli. Ni bobini za waya wa shaba, kondensa na rezista, na haihitaji umeme wake yenyewe. Krosova aktifu inakaa kabla ya ampli. Inagawa sauti ikiwa bado ndogo, kisha kila mdomo unapewa ampli yake.

Wapo wanaosema kwa nguvu kwamba mtu asiyeweza kuunda aktifu asiunde kabisa. Hoja yao ya kwanza ni bei ya vipande, na hesabu yao si ya uongo. Kwa filtri nyepesi kabisa inayogawa sauti kwenye hertz 3000, na twita ya ohm 8, kondensa ya pasifu ni ya mikrofaradi 6.6 hivi na bobini ya wufa ni ya milihenri 0.42. Kwenye aktifu, pamoja na rezista ya ohm 10,000, kondensa inashuka hadi nanofaradi 5.3. Ni ndogo zaidi ya mara elfu, na bobini hakuna kabisa. Wanainua kile kipande kidogo kama punje ya mchele na kuuliza: kwa nini ununue bobini nzito?

Swali hilo linaficha nusu ya hesabu. Bobini imeondoka, lakini ampli zimezaliwa. Spika mbili za pasifu zinahitaji njia 2 za ampli, yaani kibodi kimoja cha stereo. Spika mbili za aktifu zinahitaji njia 4, vibodi viwili, pamoja na saketi ya krosova yenye umeme wake safi, waya zaidi, na viungio zaidi vya kulegea. Anayehesabu bei ya kondensa peke yake ni kama mtu anayenunua pikipiki kwa kuangalia bei ya kioo chake.

Kisha kuna umeme wenyewe. Kambove ni eneo la Mwadingusha, bwawa la mto Lufira ambalo mitambo yake ilianza kazi mwaka 1930. Umeme huo ulijengewa migodi, na mpaka leo mkaaji wa kawaida anaijua delestaji kuliko anavyoijua bili. Kila umeme unapokatika na kurudi, ampli nyingi hutoa kishindo: "puu!" Kwenye aktifu, twita imeunganishwa moja kwa moja na ampli yake, na waya wa ndani ya twita ni mwembamba kama unywele. Kishindo kinafika chote. Ampli ikiungua na kutoa umeme mnyoofu, twita inaungua nayo. Kwenye pasifu, kondensa iko njiani kama mlinzi: umeme mnyoofu haupiti kwenye kondensa. Wufa itapata mtikisiko, lakini ina waya mnene zaidi. Wajenzi makini wa aktifu wanalijua hilo, ndiyo maana baadhi yao huweka kondensa kubwa ya ulinzi mbele ya twita. Kile kipande walichojisifu kukiondoa kimerudi kwa mlango wa nyuma.

Hoja yao ya pili ni nguvu inayopotea. Ni kweli, bobini inakula kidogo. Lakini fundi wa studio anakaa mita 1 kutoka kwenye spika. Wufa na twita za kawaida, zikipewa wati 1 tu, hutoa desibeli 85 hivi kwa umbali huo, na hiyo tayari ni sauti ya kutosha kwa kazi. Wanaolilia nguvu ya bobini wanafikiria uwanja wa mpira, na studio ya redio ya mtaa ni chumba cha meza moja. Wanasahau pia kwamba ampli mbili zaidi zinakula betri hata mtangazaji akinyamaza. Kwa redio inayoishi kwa sahani za jua na betri, hasara hiyo ndiyo ya kuhesabu.

Hoja yao ya tatu ina uzito, na haifai kuifichia uso. Aktifu inarekebishika. Ukikosea, unabadilisha rezista ndogo, au namba kwenye kompyuta kama krosova ni ya dijitali. Kwenye pasifu, kila kosa ni bobini nyingine. Tena, zile mikrofaradi 6.6 na milihenri 0.42 ni za kitabuni tu. Twita na wufa halisi hazikai kwenye ohm 8 kwa kila sauti, na anayezifunga hivyo bila kupima anaweza kupata spika yenye shimo katikati, pale pale sauti ya mtu inapokaa. Lakini dawa yake haidai kununua ampli mara mbili. Dawa ni kutokubahatisha: kuchukua mchoro uliokwisha kupimwa, pamoja na twita na wufa zile zile za mchoro, na kuufuata bila kubadili hata kipande kimoja kwa sababu "hiki kinafanana". Aliye na mikrofoni ya kupimia na programu ya bure kama Room EQ Wizard apime mwenyewe kabla ya kufunga sanduku.

Wenye kudharau pasifu wakumbuke BBC. Miaka ya 1970, wahandisi wake waliunda spika ndogo kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo nje ya studio, mahali penye nafasi finyu na watu wanaosikiliza sauti ya binadamu. Jina lake ni LS3/5A. Ilikuwa pasifu. Krosova yake haikuwa ya kubahatisha, ilikuwa na vipande vingi vilivyopimwa kwa makini, na hadi leo watu wanaitafuta kwa jinsi inavyotoa sauti ya mtu. Upande wa pili, kampuni ya Genelec ilianza Ufini mwaka 1978 kwa spika aktifu, baada ya redio ya taifa, YLE, kuzihitaji. Zilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. Lakini YLE ilikuwa redio ya taifa yenye umeme usiokatika na wahandisi wa mshahara. Anayechukua suluhisho la Helsinki na kulipandikiza Kambove bila kuangalia waya wa umeme hajaleta maendeleo. Ameleta kitu kitakachokaa kabatini.

Na kuna aibu moja ambayo haisemwi. Bobini ile ya milihenri 0.42 ni waya wa shaba wa mita kumi na kadhaa, uzito usiofika robo kilo. Tangu Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, na baadaye chini ya Gécamines, udongo huu umetoa shaba bila kuhesabika. Malori yanaipeleka Kasumbalesa, inavuka mpaka, kisha inarudi ikiwa bobini ndani ya karatasi nzuri, na mtu wa Kambove anaambiwa ni ghali. Wakati huo huo, wapo mafundi wanaobobina mota za pampu na za vinu vya unga kila siku. Wana waya wenye vanishi, wana mikono, wanajua kuhesabu mizunguko. Wanachokosa ni kipimo cha milihenri na mtu wa redio wa kuwaletea kazi. Ampli aktifu ikiungua, kibodi kinatupwa. Bobini ikikatika, fundi wa mota anaisuka upya kabla ya jua kuzama.

Redio zenye kipato kidogo zianze hivi. Kwanza, spika moja nzuri kuliko mbili mbaya, kwa sababu sauti ya mtu mmoja anayesoma tangazo haihitaji stereo. Hapo watu wa aktifu watasema: basi kibodi cha stereo kina njia mbili, moja ya wufa na moja ya twita, gharama imekwisha. Jibu ni kwamba njia ya pili iachwe akiba. Siku ya kwanza inapoungua katikati ya habari, fundi anahamisha waya na kazi inaendelea. Pili, kondensa ziwe za plastiki au zile zisizo na upande wa chanya na hasi. Zile za kawaida za redio mbovu, zenye alama ya upande mmoja, hazifai kwa kazi hii. Tatu, kila tangazo la kutafuta ndugu lisikilizwe pia kwenye redio ndogo ya betri kabla ya kwenda hewani, maana huko ndiko litakakosikika.

Wafadhili nao wanaoleta kompyuta na mikrofoni zenye nembo, kisha wanapiga picha na kuondoka, waulizwe swali moja: fundi atasikia nini kwa kutumia nini? Bila spika ya kweli, mikrofoni ya bei ghali inarekodi makosa kwa usafi zaidi.

Wasikilizaji pia wana haki yao. Jina likipita bila kusikika, msinyamaze, na msidhani redio yenu ndiyo mbovu. Pigeni simu studio, tumeni mtoto, ombeni tangazo lirudiwe polepole. Redio inayokasirika kwa kuulizwa jina la mtoto aliyepotea imesahau kwa nini ilijengewa mnara.