Manjanja Mapya Hayauzi Nyumba

Mtu akitangaza Lubondja, kijiji chetu cha Fizi, mashariki mwa Kongo, kwamba anauza nyumba, majirani humpa ushauri kabla hajauomba. Toa nyasi, weka manjanja, yaani mabati ya paa. Ukuta upige simenti. Ukipata dola kidogo kutoka kwa ndugu aliye Marekani, paka rangi upande wa barabara, mlango uwe wa chuma, dirisha liwe la vioo. Ukimaliza, taja bei unayotaka. Ushauri huu hutolewa kwa moyo mweupe, na watu wazima wenye akili zao, na ni ushauri mbovu. Unamtoa muuzaji pesa mfukoni leo kwa tumaini kwamba mnunuzi atazirudisha kesho, na mnunuzi hana nia hiyo.

Tuanze na manjanja, maana ndiyo yaliyotutia upofu. Bati ni mali inayotembea. Fizi nzima inalijua hili kuliko mahali pengi duniani. Waliokimbia vita kwenda Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1996, na tena 1998, waliporudi na meli kutoka Kigoma kuanzia 2005 wengi walikuta kuta zimesimama wazi juani, kama hata kuta zilikuwepo. Manjanja, milango na fremu zake vilikuwa vimekwenda kufunika nyumba nyingine. Hata pasipo vita, mtu anayehamia mji wa Baraka hung'oa mabati yake kwanza, huyafunga kamba, na kuondoka nayo. Kwa hiyo manjanja yana bei yake sokoni, mapya na yaliyotumika, na kila mtu anaijua. Mnunuzi anapoinua macho kutazama paa lako jipya, kichwani anahesabu mabati tu. Anatazama kama ni yale membamba ya geji 32 ambayo fundi akiyakanyaga vibaya yanabonyea, au mazito kidogo ya geji 28. Halafu anayatia bei ya mabati yaliyotumika, kwa sababu bati likishatobolewa na msumari halirudi dukani. Pesa ya pikipiki iliyoyatoa Baraka, mshahara wa fundi, mbao, misumari: hizo zote zimebaki kwako. Umelipa mara moja na nusu kitu ambacho mwenzako atakinunua kwa nusu.

Simenti ukutani ni hasara ya aina nyingine, na hii inaniudhi zaidi kwa sababu inaharibu nyumba iliyokuwa nzima. Nyumba nyingi za vijiji vyetu ni za matofali mabichi, udongo uliokaushwa juani. Udongo hunywa maji na kuyatoa, huvimba kidogo mvua zikija na kusinyaa kiangazi. Simenti haifanyi hivyo. Ukiipaka juu ya udongo, vitu viwili vinavyocheza kila kimoja kivyake vimefungwa pamoja. Nyufa zinatokea, maji yanaingia nyuma ya simenti, yanakosa pa kutokea, na ukuta unaoza kwa ndani huku nje unang'aa. Mnunuzi mjanja hagusi rangi. Hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, akisikiliza. Pakilia tupu anatabasamu, kwa kuwa sasa ana sababu ya kushusha bei, na sababu hiyo umemnunulia wewe, mfuko kwa mfuko.

Imani hii imetoka wapi? Sehemu yake ni aibu ya zamani ya nyumba ya nyasi, nami sitaicheka. Sehemu nyingine inaingia kwa simu. Ndugu zetu waliotolewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wakapelekwa Marekani wanaishi katika nchi ambayo watu hununua na kuuza nyumba kama desturi ya maisha, na huko kweli kuna elimu nzima ya kupaka mlango wa mbele, kubadili vishikio vya makabati ya jikoni, kupanda maua, ili nyumba iuzwe bei juu. Inafanya kazi kule kwa sababu mambo magumu yameshamalizwa na watu wengine. Mpaka wa kiwanja umepimwa na kuandikwa. Jina la mwenye nyumba liko katika daftari la serikali ya eneo. Benki inamkopesha mnunuzi na kumtuma mthamini. Maji machafu yana bomba lake. Baada ya hayo yote, kilichobaki cha kushindania ni rangi ya mlango. Sisi tunaanza na rangi ya mlango na hayo mengine hatuyagusi.

Sikiliza maswali ya mnunuzi wa kweli. Ninaposema mnunuzi wa kweli sizungumzii jirani anayekuja kuangalia apate la kusimulia. Nasema mwalimu, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, mtu aliyepata dhahabu Misisi na anataka kumweka mama yake mahali. Atamvuta komisioneri, yaani dalali, pembeni na kumwuliza: Parseli hii ni ya nani hasa? Kuna ndugu yake Nyarugusu ambaye atarudi? Mama wa nyumba anajua? Mpaka uko wapi, na jirani wa chini anasemaje? Mvua ikinyesha maji yanapita wapi? Kule Baraka ataongeza lingine: ziwa lilifika wapi 2024? Hilo la mwisho hakuna vigae vinavyolijibu. Watu wa mwambao wa Tanganyika waliona maji yakiingia sebuleni kwa mwenye rangi na kwa mwenye udongo bila kubagua.

Maswali yote haya ni juu ya mambo yasiyong'oleka, na hapo ndipo penye pesa. Mnunuzi wa kwetu analipia utulivu wa kiwanja. Akiwa na shaka anapunguza bei. Shaka ikizidi anaondoka na pesa zake, na nyumba inabaki ikimeremeta bila mtu.

Sheria haijatusaidia sana. Ile ya ardhi, ya tarehe 20 Julai 1973, ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha usajili. Kwa ardhi za vijiji, zile tulizorithi kwa mila, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais itakayoeleza haki zetu. Rais Mobutu alikaa madarakani karibu miaka 24 baada ya hapo, akaondoka 1997 amri hiyo haijatoka. Basi mwanakijiji wa Lubondja akiambiwa atafute cheti kamili, ameambiwa afunge safari ndefu na kulipa ada ambazo huenda zikapita bei ya kiwanja chenyewe. Mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliandika mwaka 2000 kwamba nyumba za maskini ni mtaji uliokufa kwa kukosa hati. Ana hoja. Lakini katikati ya cheti cha Serikali na kukosa kila kitu pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo inajazwa kwa gharama ya mbuzi mmoja.

Namna yake inajulikana. Unamwita shefu wa kijiji, unawaita majirani wa pande zote nne, mnatembea mpaka kwa miguu, hatua kwa hatua, na mzee anayekumbuka baba yako alipata wapi ardhi hiyo anasema mbele ya watu. Panapobishaniwa, pabishaniwe siku hiyo, ukiwa hai na ukiwa huna haraka ya pesa. Kisha yanaandikwa: vipimo kwa hatua au kwa kamba, majina, alama za vidole kwa asiyejua kuandika, tarehe. Karatasi hiyo siyo cheti cha usajili cha kifungu cha 219 cha sheria ile, na mwanasheria yeyote atakuambia hivyo. Lakini mnunuzi anaweza kuikagua kwa kwenda kwa jirani na kuuliza, na hicho ndicho kinachompa moyo wa kufungua mfuko. Muuzaji anayefanya hivi siku mnunuzi ameshafika amechelewa. Jirani naye amesikia harufu ya pesa, na mpaka ambao haukuwa na neno miaka yote unapata maneno.

Mke wako aandike jina lake hapo. Wanaume wenzangu wengi hawapendi kulisikia hili, na wengine watasema mila haitaki. Sheria ya familia iliyorekebishwa Julai 2016 inataka mume na mke wakubaliane kabla haki ya ardhi haijahamishwa, na wanunuzi wa siku hizi wanalijua, maana wamewaona wenzao wakirudishwa barazani na mama ambaye nyumba yake iliuzwa bila yeye kuulizwa. Mnunuzi akimkuta mama wa nyumba anamtandikia kiti na kumwonyesha mwenyewe mpaka ulipo, nusu ya hofu yake imeisha. Jambo hilo halina gharama hata ya franga mia.

Halafu miti. Huku kwetu mpangaji au mkulima wa kuazima haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, kwa sababu kila mtu anajua aliyepanda mchikichi anadai ardhi. Geuza kanuni hiyo ikufanyie kazi. Panda minyaa kwenye mstari wa mpaka mliokubaliana. Ndani ya kiwanja panda michikichi michache, mwembe, parachichi mbili za kubebeshwa. Mchikichi mzuri unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Hivyo anayefikiria kuuza baada ya miaka mitano ana muda wa kula na kuuza mawese kabla hajauza nyumba. Vita vya nyanda za juu vilivyochacha tangu 2019 vimechoma nyumba nyingi pande hizi. Aliyerudi akakuta majivu, lakini mistari ya miti yake ipo, hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu amwonyeshe kwao.

Kwenye nyumba yenyewe kuna kazi mbili tu ambazo ningezitolea pesa kwa ajili ya mnunuzi. Ya kwanza ni maji ya mvua. Ukuta wa udongo hufa kuanzia chini, pale matone ya paa yanapodunda na kurusha tope. Paa litokeze mbele ya ukuta kiasi cha urefu wa mkono, hata kama ni la nyasi. Ardhi inayozunguka nyumba iinamie nje. Chini ya ukuta yapangwe mawe ya mtoni, na mtaro uchimbwe upeleke maji mbali. Mawe ni ya bure, jembe unalo. Ukuta wenyewe upakwe udongo uliochanganywa na mchanga, na urudiwe kila kiangazi. Nyumba ya namna hii, yenye nyasi juu na miguu mikavu, ina miaka mingi mbele kuliko ile ya manjanja iliyolowa chini.

Ya pili ni choo. Fizi, Baraka na Uvira ziko katika ukanda ambao kipindupindu hakijaondoka kwa miaka mingi, na hakuna mzazi asiyekiogopa. Shimo refu lililo mbali na kisima, dala, yaani bamba la kufunika shimo, ya zege laini inayooshika, kifuniko, ukuta wa staha: mfuko mmoja wa simenti unatosha dala na kusaza. Mfuko huohuo ukiupaka ukutani kwa unene wa sentimita mbili unafunika kama mita saba za mraba, yaani hata upande mmoja wa nyumba haujaisha. Naomba watu wapige hesabu hiyo taratibu.

Najua nitajibiwa kwamba Baraka kuna nyumba zilizotiwa vigae, vyoo vya ndani na ukuta wa kuzunguka, na wenyewe wakapata pesa nyingi. Walipata kodi. Mashirika yaliyokuja na wakimbizi waliokuwa wanarudi yalitaka nyumba za namna hiyo na yalilipa kwa dola. Kupangisha siyo kuuza. Shirika likifunga ofisi, vigae vinabaki na mwenye nyumba, na mwalimu anayetaka kununua hana bajeti ya shirika la Geneva. Anayejenga kwa mfano wa nyumba hizo anasubiri mpangaji aliyekwisha kuondoka.

Wala sisemi mtu akae katika nyumba chafu. Chokaa nyeupe inafukuza giza, mlango unaofunga vizuri ni heshima, uwanja uliofagiwa huleta mnunuzi mapema kuliko uwanja wenye majani. Manjanja nayo yana raha yake usiku wa mvua, na anayeyataka kwa usingizi wake ayaweke, alale. Ninachokataa ni kuiita raha hiyo biashara, na kumshauri mjane anayeuza ili alipe karo ya watoto akakope kwanza ili apambe.

Mtu wa mwisho kunipinga atasema kwamba Lubondja ya sasa hakuna mnunuzi, risasi zimewafukuza, basi maneno yote haya ni ya bure. Wanunuzi wapo, na wa wakati wa vita ndio wabaya kuliko wote. Wanakuja kwa anayekimbia, wanajua hana muda, na silaha yao ni swali moja: "Papa, una ushahidi gani kwamba hapa ni pako?" Asiye na jibu anauza kwa bei ya nauli ya kufika Baraka. Mwenye karatasi ya majirani wanne anaweza kukataa, akaenda zake, akarudi miaka ya mbele. Karatasi inaungua pia, ndiyo. Kwa hiyo nakala moja iwekwe kwa shefu, nyingine kwa mkwe wa kijiji kingine, na picha yake, majirani wakiwa wamesimama kwenye mpaka, itumwe leo hii kwa simu ya ndugu aliye Nyarugusu au Marekani. Yeye ndiye aliyekuwa anauliza atusaidie nini.