Kipande cha Shingoni na Kipande cha Mfukoni



Wazee wetu walivaa kipande shingoni. Sisi twakibeba mfukoni, tena twakinunua kwa pesa zetu wenyewe. Kipande chetu ni simu. Hatusemi simu ni kitu kibaya. Kwa simu twatuma pesa nyumbani, twapata habari za tawi, na twaitana mkutanoni. Tunalosema ni hili: haki ambazo wazee walizipigania kazini na barabarani ni lazima zimfuate mfanyakazi mpaka ndani ya simu yake, na chama ndicho kiwe mlinzi wake.

Vijana wengi hawajui kipande kilikuwa nini. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuwa nacho. Ndani yake mliandikwa jina lake, alama za vidole, tajiri wake, mshahara wake, siku aliyoandikwa na siku aliyoachishwa. Kilitiwa katika kikebe cha chuma kikaning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Tajiri akikataa kutia sahihi, mtu hakuweza kupata kazi kwingine. Na akiondoka bila sahihi alitafutwa kama mhalifu. Kipande kiliandikwa na tajiri, lakini mwenye kukivaa hakuwa na neno juu ya maandishi yake.

Harry Thuku alikuwa mtu wa simu katika ofisi ya serikali mjini Nairobi. Yeye na wenzake walikipinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa mwezi wa Machi 1922 watu walikusanyika kumdai, na tarehe 16 polisi wakawapiga risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Basi hili si jambo dogo la makaratasi. Watu wameliwekea damu.

Sasa tutazame siku zetu. Katika kazi nyingi mfanyakazi hubonyeza kidole kwenye mashine mlangoni. Kamera humtazama akifanya kazi. Gari lina chombo kinachosema liliposimama na kwa dakika ngapi. Habari hizo zawekwa wapi? Nani azisoma? Zitafutwa lini? Ukiuliza, waambiwa ni mambo ya ofisi. Hapo ndipo twakiona kipande cha zamani, ila hiki hakina uzito shingoni, kwa hiyo mtu hahisi kuwa amekivaa.

Wengine watatuambia: mtu asiye na hatia aogope nini? Twawajibu kwa mambo yaliyotokea hapa Kenya. Mwezi wa Mei 2025 Rose Njeri alikamatwa kwa sababu alitengeneza programu ya kuwasaidia wananchi kupeleka Bungeni maoni yao juu ya Mswada wa Fedha. Alishtakiwa kwa sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018. Mahakama iliyatupa mashtaka mwezi uliofuata, lakini alikuwa amekwisha kulala rumande. Mwezi huo huo wa Juni Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni juu ya mkubwa wa polisi. Alipelekwa Nairobi akafa mikononi mwa polisi. Polisi walisema alijigonga ukutani. Madaktari waliochunguza maiti walisema majeraha yake ni ya kupigwa. Je, hao walikuwa na hatia gani?

Na tukumbuke tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge. Intaneti ilififia nchini, ijapokuwa siku moja mbele wakubwa wa mawasiliano walikuwa wamesema hawana nia ya kuizima. Makampuni yalitaja hitilafu ya nyaya za baharini. Sababu iwe hiyo au nyingine, sisi twajua jambo moja: mtandao ukizima, ni vigumu mtu kuwaonya wenzake kwamba njia ina hatari.

Lakini tusikate tamaa, maana sheria ipo upande wetu tukiitumia. Katiba ya 2010 yalinda siri ya mtu katika kifungu cha 31, maoni katika 33, mkutano na maandamano ya amani katika 37, na chama na mgomo katika 41. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa kila mtu haki ya kuambiwa habari zake zatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zisahihishwe. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliona kuwa Huduma Namba ilianzishwa kinyume cha sheria hiyo. Mwezi wa Mei 2025 mahakama hiyo iliwaamuru Worldcoin kufuta picha za macho walizowachukua Wakenya kwa ahadi ya pesa. Haya hayakuja yenyewe. Watu walisimama wakadai.

Kwa hiyo twataka:

1. Kila mapatano na mwajiri yawe na kifungu kinachosema ni habari gani huchukuliwa, nani huzitazama, na zitawekwa muda gani.

2. Mashine mpya ya kutazama wafanyakazi isifungwe kabla wajumbe wa chama hawajaitwa mezani.

3. Asiadhibiwe mfanyakazi kwa kusema juu ya mshahara au usalama katika kikundi cha simu cha chama. Mkutano wa simu ni mkutano.

4. Serikali isizime mtandao, na isimkamate mtu kwa kusema neno ambalo mkubwa hakulipenda.

Nasi pia tuna wajibu. Usipeleke mbele habari usiyoijua kweli, maana uongo mmoja huwapa maadui fimbo ya kutupigia sote. Usitoe orodha ya wanachama wala maneno ya mkutano kwa mtu wa nje. Na mwenzako akiitwa ofisini kwa sababu ya aliyoyaandika, asiende peke yake. Mwakilishi afuatane naye.

Wazee walikivua kipande kwa sababu walikataa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jambo hili liwekwe katika shughuli za mkutano ujao wa kila tawi, na kila mmoja aje na swali lake.

Umoja ni nguvu.