SHULENI NAKO TWATAKA MIZANI

Ndugu wananchi wa Mbeya na Iringa, lumbesa mnaijua. Mkulima wa viazi hujaza gunia, mlanguzi hulishonea kilemba juu yake, kisha hulipa bei ya gunia moja. Jina ni gunia, lakini kilo zilizomo ni siri ya mnunuzi. Ndiyo maana wakulima hawakuchoka kudai jambo moja: mizani. Leo twasema wazi kwamba lumbesa imeingia hata katika Kidato cha Tano na cha Sita, na anayepunjwa huko ni mtoto.

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yakitoka, ngoma hupigwa. Shule hii ina Daraja la Kwanza kadha wa kadha, shule ile haina sifuri hata moja! Watu hupongezana, bango hutundikwa, na baada ya wiki mbili kimya. Hebu tulifungue hilo gunia liitwalo Daraja la Kwanza, tuone lililomo.

Kwa kanuni za Baraza la Mitihani, yanayohesabiwa ni masomo matatu ya mchepuo. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3. Daraja la Kwanza huanzia pointi 3 na kuishia pointi 9. Mtoto mwenye A tatu, yaani alama 80 au zaidi katika kila somo, ana pointi 3. Mtoto mwenye C tatu, yaani alama kati ya 60 na 69, ana pointi 9. Wote wawili ni Daraja la Kwanza. Hatumdharau mwenye C. Huenda ametoka mbali na amefanya kazi kubwa. Twasema hivi: shule yaweza kuporomoka kutoka pointi 4 hadi pointi 9, na bango lake lisibadilike hata herufi moja. Ubora unaoza ndani ya gunia, na sisi twashangilia kilemba.

Wako wanaodhani dawa ni kubadili kipimo. Tumekwisha kuyaona. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, na mwaka 2013 Serikali ikafuta matokeo na kuyapanga upya. Mwaka 2014 tukaacha madaraja tukashika GPA. Mwaka 2016 tukarudi kwenye madaraja. Je, fundi wa maabara aliongezeka? Mwalimu wa Hisabati aliongezeka? Kubadili debe hakuongezi mahindi ghalani.

Tusisahau tulikotoka. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wanafunzi wa Kidato cha Sita katika Tanganyika nzima walikuwa 176. Mwalimu Nyerere alizitaja hesabu hizo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, walipokuwa wamefika 830. Pale Iringa wakoloni walijenga shule ya St. Michael and St. George kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Baada ya Uhuru ikawa Mkwawa, na tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kinachofunza walimu. Mwaka 2022 ada ya Kidato cha Tano na cha Sita ikafutwa katika shule za Serikali. Mlango u wazi. Lakini mgeni hashibi kwa kufunguliwa mlango. Hushiba kwa kilichopikwa.

Mwezi Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Jambo jema, kwa kuwa elimu si ligi ya mpira. Lakini wavivu wamelifurahia kwa sababu nyingine: wanadhani sasa hakuna wa kuwauliza. Wanakosea. Kuacha kushindanisha si kuacha kupima. Matokeo ya kila shule yapo, somo kwa somo. Tena Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikionyesha swali gani liliwashinda na kwa nini. Hiyo ndiyo mizani, tumekwisha kupewa. Nani ameifungua?

Basi twadai mambo manne.

Kwanza, shule ipimwe kwa ilichoongeza. Wanafunzi wa Kidato cha Tano hupangwa na Serikali, na alama walizoingia nazo zinajulikana. Shule iliyopokea mabingwa na kutoa mabingwa haijatuonyesha kazi yake bado. Shule iliyopokea mtoto wa alama za chini ikampandisha, hiyo ndiyo iliyolima.

Pili, kila baada ya mtihani wa majaribio walimu wakae wasome alama swali kwa swali. Kama darasa zima limeanguka katika swali moja la Kemia, kosa si la watoto wote kwa pamoja. Mada hiyo ifundishwe upya, na iandikwe nani ataifundisha na lini.

Tatu, asifukuzwe wala kuhamishwa mtoto ili wastani upendeze. Mkulima anayeficha magunia mabovu hajaponya shamba lake.

Nne, mzazi aambiwe. Mzazi wa Kyela anaweza kuwa na mtoto Malangali, Tosamaganga au Ifunda. Mzazi wa Kigoma ana mtoto Loleza, Sangu au Iyunga. Hawezi kupanda basi kila mkutano. Aletewe taarifa ya alama kwa Kiswahili kinachoeleweka, mapema, wakati bado upo wa kusaidia.

Wako walimu watakaosema: hesabu hizi zitageuzwa fimbo ya kutuchapia. Hofu yao ina haki. Mwalimu mmoja wa Fizikia mwenye mikondo mingi na maabara tupu hawezi kubebeshwa lawama peke yake. Ndiyo sababu hesabu iulize pande zote. Imwulize mwalimu: umefundisha? Imwulize ofisa elimu: ulileta mwalimu wa pili? Imwulize na mzazi: ulifika ulipoitwa? Hesabu iliyofichwa humlinda mwenye kosa. Iliyo wazi humlinda mchapakazi.

Ndugu mwanachama, kikao kijacho cha wazazi usiulize Daraja la Kwanza ni wangapi. Uliza: waliingia na alama gani, wametoka na alama gani, somo gani linashuka, na nani anafanya nini kabla ya mtihani ujao. Ukijibiwa kwa makofi na ngoma, usiketi. Uliza tena.