Kashata za watoto tusizitengenezee makapi

Wadau, leo naacha siasa na dhahabu, naingia jikoni. Najua wapo watakaosema huyu mwandishi kaishiwa habari. Haya, habari ni hii: hapa Chato tunalima karanga na viazi vitamu, halafu mtoto akitaka kitu cha kutafuna saa ya mapumziko shuleni, tunampa hela akanunue pipi na biskuti!

Wenzetu Marekani na Ulaya wana vipande vya nafaka na karanga vilivyogandishwa kwa asali, wanaviita granola, na siku hizi wazazi wengi huko wanavitengeneza wenyewe nyumbani. Sisi tunayo kashata tangu zamani. Tena Wasukuma wana matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikauke. Mtoto anatia mfukoni anaondoka, hahitaji hata kijiko. Lakini akienda nayo shule wenzake wanamcheka, eti hicho ni chakula cha njaa. Kha!

Kashata haina shughuli kubwa. Vikombe viwili vya karanga kwa kikombe kimoja cha sukari. Kaanga karanga bila mafuta kwa moto mdogo, pukuta maganda, twanga kidogo zisiwe unga. Yeyusha sukari kwenye sufuria mpaka iwe rangi ya kahawia, mwaga karanga, koroga haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Sawazisha kwa chupa na ukate ikiwa bado ya moto, maana ikipoa utatafuta nyundo. (Wadogo wa chini ya miaka mitano karanga inaweza kuwapalia. Hao wasagieni, muwatilie kwenye uji.)

Sukari ni nyingi, nakubali. Ila karanga karibu robo ya uzito wake ni protini, wakati biskuti nyingi za dukani ni unga wa ngano, sukari na mafuta tu. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, tofauti hiyo si ndogo.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Karanga nzuri, zile nene, zinakwenda sokoni Buseresere au zinapanda gari la Mwanza. Zinazobaki nyumbani ni zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye alama za ukungu. Mama hawezi kuzitupa, ni jasho lake lile. Anazitwanga. Zikishatwangwa na kuchanganywa na sukari, hakuna tena anayeona ubovu wala kuonja uchungu wake. Na anayekula ni mtoto!

Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, inayoharibu ini na baadaye kusababisha saratani ya ini. Kukaanga kunaipunguza kiasi tu, hakuimalizi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, sumu hiyohiyo, safari ile ikiwa kwenye mahindi, iliua watu wapatao 20. Kenya mwaka 2004 waliokufa walikuwa 125. Hao ni wale waliokula nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo kila siku haanguki, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Watafiti walipopima damu za watoto wadogo katika vijiji vya Tabora, Iringa na Kilimanjaro, waliikuta kwa zaidi ya watoto wanane katika kila kumi. Tabora siyo mbali na sisi jamani.

Sisemi akina mama waache. Nasema kashata ya mtoto itengenezwe na karanga zilezile tunazompelekea mnunuzi. Toa sado moja ya nzuri kabla gunia halijafungwa, ya nyumbani hiyo. Chambua kwa mkono, moja moja, kabla ya kukaanga: iliyosinyaa toa, iliyobadilika rangi toa, yenye ukungu toa. Na ile tabia ya kulowesha karanga maji ili maganda yalainike wakati wa kubangua, tuiache, maana unyevu ndio unaoukaribisha ukungu. Kuanika juu ya turubai badala ya ardhi tupu nako kunasaidia.

Hapa maafisa ugani wetu nawalaumu. Wanafundisha mbegu na nafasi ya kupanda, lakini mazao yakishavunwa hatuwaoni. Na mnunuzi anayelipa bei moja kwa karanga zilizochambuliwa na zisizochambuliwa, naye anamfundisha mkulima asijisumbue.

Mtu ataniuliza, basi hayo makapi tuwape kuku? Hapana. Sumu hii yenyewe iligunduliwa Uingereza baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa mwaka 1960, na chakula walichokuwa wamelishwa kilikuwa mashudu ya karanga. Chimbeni shimo, mfukie.