Hadithi ni ya Wote, Mdomo ni wa Mmoja

Kuna neno tunalisikia sana Baraka na Fizi, na kwa watu wa Bibokoboko, wale wa mlimani na wale waliotawanyika tangu mapigano ya 2021. Wanasema: akili bandia ni mambo ya Hollywood, sisi na ngoma zetu inatuhusu nini? Neno hilo ni la hatari, na sisi tunalipinga.

Tuangalie kwanza huko Hollywood. Mwaka 2023 waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA waligoma siku 118, toka Julai 14 mpaka Novemba 9. Jambo moja kubwa walilokataa ni hili: mutu apigwe picha ya mwili mzima na mashini, alipwe siku moja, kisha ile sura yake iendelee kuchezeshwa bila yeye. Walirudi kazini na kontra inayodai ruhusa ya mwenyewe na malipo. Wale wana chama na mawakili. Sisi tuna nini?

Kwetu msanii ni yule mwimbaji anayeitwa kwenye harusi. Ni msemaji anayejua kuomba msichana kwa maneno yaliyopangika. Ni vijana wa tiatre ambao mashirika yanawaita kuchezea watu mchezo juu ya kolera au juu ya amani. Feza yao ni kidogo, lakini ndiyo inanunua chumvi na daftari za watoto. Sasa mwenye proje anaweza kukaa ofisini, akaandikia mashini maneno mawili, ikamtolea mchezo wa redio kwa Kiswahili, na sauti ya mzee, ya mama, na ngoma ndani yake. Atauliza: kwa nini nilipe watu kumi na usafiri wao?

Na ile sauti ilitoka wapi? Mashini haikukaa kando ya moto na wazee. Ilifundishwa kwa sauti na maandishi ya watu, na wengi wao hawakuulizwa. Hata mikono ya ndugu zetu imo: Nairobi, wafanyakazi waliochambua maandishi machafu kwa ajili ya mashini ya OpenAI walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, na jambo hilo lilitangazwa Januari 2023.

Wengine watajibu: hadithi za mila hazina mwenyewe, basi alipwe nani? Hapo ndipo wanapokosea. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck aliandikisha hadithi ya Mwindo kwa Wanyanga, upande wa Walikale. Hadithi ilikuwa ya Wanyanga wote, lakini aliyeitoa ni Candi Rureke, aliyeimba, akasimulia na kucheza kwa siku 12. Kitabu kilipotoka 1969, jina la Rureke lilikuwamo. Angekuwa msimulizi mwingine, hata Mwindo angekuwa mwingine. Na sheria ya nchi yetu ya Aprili 5, 1986, inalinda haki za watunzi pamoja na haki jirani, yaani za wale wanaoimba na wanaocheza.

Hatusemi vijana watupe simu. Simu inaweza kutunza sauti ya mzee ambaye kesho hatakuwapo. Lakini mali bila daftari huisha bila habari. Chama chetu kifungue daftari: nani aliimba, wapi, siku gani, alikubali sauti yake itumiwe wapi na kwa malipo gani. Shirika linalotaka mchezo kwa watu wa Fizi liajiri watu wa Fizi. Na yule anayeleta wimbo wa mashini kwenye harusi asituambie kwamba ameokoa feza. Feza hiyo ameitoa mdomoni mwa jirani yake, na siku jirani atakapoacha kuimba, hata mashini haitakuwa na la kuiga.