Kijana, usipake rangi juu ya kutu

Nianze kwa kukuuliza swali. Umebakisha wiki tatu gari lako liende maonyesho. Kwa M-Pesa una Sh15,000. Umeinua kapeti na kupata tundu sakafuni, mguu unapita. Je, utaliziba upige rangi, ama utakubali kwamba mwaka huu huendi?

Swali hilo lilinikuta mimi. Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya babangu, aliyoinunua ikiwa tayari mitumba kabla sijazaliwa. Wewe huenda unauona kama mkweche tu. Lakini waulize wazazi wako kuhusu 504 za steseni wagoni zilizokuwa matatu za safari ndefu. Safari Rally ya 1975 ilishindwa na 504, na 1978 ikashindwa tena na 504, ile ya injini ya V6. Hili si gari la kudharau.

Nia yangu ilikuwa kulipeleka Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari safi pale Ngong Racecourse. Si kwa sababu ya kombe. Mzee ana presha ya macho, na kila mwezi anaona kidogo kuliko mwezi uliopita. Nilitaka alione gari lake uwanjani akiwa bado anaweza kuona.

Mwanzo wa mwaka, gasketi ya silinda hedi iliungua. Fundi niliyempa kazi ni kijana kama mimi. Alitoa hedi, kisha akazungusha injini kwa mkono ndiyo asafishe pistoni. Kosa kubwa! Slivu za 504 zimekaa tu ndani ya bloku huku zimezungukwa na maji. Hedi ndiyo inazibana. Ukizungusha injini hedi ikiwa nje na hujazifunga, zinaweza kusogea, na sili za chini zikaanza kuvuja. Tulipowasha, oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Ikabidi tufungue kila kitu upya.

Baadaye nikanunua masta silinda ya breki. Muuzaji aliapa ni orijino. Siku ya pili ikaanza kuvuja, na niliporudi dukani nikaambiwa bidhaa ikishafungwa hairudishwi. Pesa zikaenda hivyo.

Halafu ndiyo nikainua kapeti.

Fundi wa bodi alichungulia akacheka. "Kijana, hii tunaficha. Tunajaza fila, tunapaka ile dawa nyeusi ya chini, hakuna mtu atajua." Bei yake ilinifaa. Wiki tatu zilitosha. Nakiri kwamba nilikaribia kutuma pesa.

Majaji wa Concours huangalia hadi chini ya gari, kwa hivyo labda wangenishika. Lakini si majaji walionizuia. Kilichonizuia ni kwamba kiti cha abiria kimefungwa kwa bolti kwenye sakafu hiyohiyo. Anayekalia kiti hicho ni Mzee. Siku nitakayofunga breki kwa ghafla, fila haitamshikilia.

Na kuna jambo lingine, ambalo sijawahi kuliandika. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa imeniisha na kozi yenyewe ilishanishinda. Kwa miezi saba niliendelea kutoka nyumbani kila asubuhi na begi mgongoni, naketi saiba hadi jioni. Mzee aliniuliza masomo yanaendaje, nikajibu, "Poa tu, Baba." Hiyo ndiyo fila. Kwa nje nilikuwa mwanafunzi, lakini chini kulikuwa kunaoza. Alipokuja kujua, hakuumia kwa sababu niliacha chuo. Aliumia kwa sababu ya ile miezi saba.

Kwa hivyo safari hii nilimwita. Nikamshika mkono, nikampeleka hadi kwenye tundu, nikamwambia, "Baba, mwaka huu hatuendi." Akainama, akapapasa kingo za kutu kwa vidole, polepole. Kisha akasema, "Angalau hapa nitaona lami bila miwani." Tukacheka. Halafu akaniuliza bei ya bati.

Msomaji wangu, sisi vijana tumezoea kuonyesha kazi ikishang'aa. Tunaposti gari limeoshwa, hatuposti oili yenye rangi ya chai. Ndiyo maana biashara ikikwama, ukifutwa kazi ama ukifeli mtihani, wazo la kwanza linakuwa kuficha. Lakini kutu haingoji uwe tayari. Chini ya rangi inaendelea kula, na mwakani bati la kuchomelea litakuwa kubwa zaidi na ghali zaidi.

Sikuambii uanike shida zako mtandaoni. Nakuambia kuna mtu mmoja anayekalia kile kiti. Inaweza kuwa mamako, mpenzi wako, ama yule mliyeanzisha naye biashara. Huyo ana haki ya kujua sakafu ikoje. Mpigie leo, kabla hujanunua fila.

Sisi tumeanza kukata bati bovu. Kiti kimetolewa, na Mzee huketi kando kwenye kreti ya soda akitoa amri. Macho yake yatafika Septemba ijayo ama hayatafika, sijui. Lakini akiingia Ngong kwa 504 hiyo, atakuwa amekanyaga sakafu ya kweli. Na kama unajua mahali pa kupata masta silinda isiyovuja, tafadhali nijuze.