Simbilisi Naye Ahitaji Mboga

Simbilisi afugwaye nyumbani hawezi kuwa na afya kwa pumba na makombo ya ugali pekee. Mwili wake, kama wetu sisi binadamu, haujitengenezei vitamini C. Akiikosa kwa majuma machache hupatwa na kiseyeye: viungo huvimba, hamu ya kula hupotea, na hatimaye hufa.

Mpeni nyasi kwa wingi, kwani meno yake hukua maisha yote na hupunguzwa kwa kutafuna. Kila siku ongezeni sukuma wiki kidogo au kipande cha pilipili hoho mbichi. Parachichi na majani ya viazi mviringo ni sumu kwake.

Watoto wakabidhiwe kazi hiyo, lakini mzazi akague: mnyama aliyefungiwa hawezi kujitafutia.